Bwana Itifaki na Kofia za Buluu

Nimejua watu wengi ambao kazi yao ni kupima: mafundi cherehani, wauza vitenge, na wale wapima viwanja wanaokuja asubuhi na kamba zao na kuondoka jioni wakiwa wamekula kuku wetu na mpaka bado haujulikani. Lakini mtu aliyepima nafasi kati ya kiti na kiti, akakosa raha ya chakula kwa sababu zimepishana vidole viwili, nimemjua mmoja tu. Tulimwita Bwana Itifaki. Jina la ubatizo alikuwa nalo, ila hata mchungaji wetu pale Kimandolu alipotangaza harusi alisema, "Mambo ya viti atayaangalia Bwana Itifaki," na hakuna aliyegeuka kuuliza ni nani huyo.

Kati ya nyumba yake na yetu palikuwa na mstari wa masale, yale majani marefu ya kijani ambayo sisi tuliotoka Kilimanjaro tunayapanda mipakani. Alifanya kazi katika ukumbi mkubwa wa mikutano mjini. Kazi yenyewe, kama alivyotueleza mara mia, ilikuwa kuhakikisha kwamba mkubwa anapoingia anakuta kiti chake mahali pake, bendera yake haijageuzwa miguu juu, na glasi yake ya maji haijazidiwa na ya jirani yake. Alivaa koti na tai hata siku ya kuchimba choo. Mfukoni alikuwa na tepu ya chuma, ambayo mlio wake watoto wote wa mtaa tuliujua, na kalamu tatu: moja ya kuandikia, mbili za kuwaazima wakubwa wanaosahau za kwao.

Msemo wake mkuu ulikuwa, "Amani ni mpangilio." Aliusema harusini, aliusema msibani, aliusema hata kwa mbwa wawili waliokuwa wakigombea mfupa nyuma ya bucha. Na lazima niseme haki yake: mara nyingine ulifanya kazi. Siku ya sherehe ya kipaimara changu, wajomba zangu na baba zangu wadogo walikuwa na mwaka wa pili hawasalimiani kwa ajili ya kihamba, shamba la ukoo kule mlimani. Mama alitaka kuahirisha. Bwana Itifaki akaja na tepu, akapanga viti kwa pande mbili zinazopeana mgongo, akaagiza ndafu mbili badala ya moja, kila upande na mbuzi wake, na mbuzi hao wakatwe kwa filimbi moja ili asiwepo wa kusema wale wamekula kwanza. Filimbi ilipulizwa. Watu walikula, wakaimba, wakaondoka.

"Umeona?" alimwambia Mama. "Hakuna aliyepigana."

"Hakuna aliyesalimiana pia."

"Hilo la kusalimiana, mama, haliko kwenye hadidu za rejea."

Hadidu za rejea! Alikuwa ameyaleta maneno hayo kutoka ukumbini. Ni ile karatasi inayosema umetumwa kufanya nini, na kwa hiyo, kwa watu wajanja, inasema pia ni mambo gani usije ukaulizwa. Mama yangu, mwanamke wa darasa la nne aliyeuza mitumba sokoni, aliyachukia maneno hayo tangu siku ile na hakuwahi kuyasamehe.

Kitu kimoja hakuna aliyewahi kukisikia kinywani mwa Bwana Itifaki, nacho ni neno "sijui". Mtu wa itifaki, alisema, hajui kutojua. Ukimuuliza mvua zitanyesha lini, alijibu kwamba dalili ni za kutia moyo. Ukimuuliza maji ya bomba yatarudi lini, alisema wahusika wako kwenye mashauriano. Nikiwa darasa la tano nilimuuliza ni lini Mlima Meru ulipasuka ubavu ule wa mashariki, maana mwalimu alitutuma kuuliza wazee. Akarekebisha tai, akautazama mlima kwa muda, akaniambia suala hilo linafanyiwa kazi. Nililiandika hivyo kwenye daftari na nikachapwa.

Lakini nilikuwa nataka kueleza ile miaka ya ruksa. Arusha ni mji uliozoea maazimio. Sisi tulizaliwa tukayakuta, tukayaimba shuleni tukiwa peku, na tulipokuwa watu wazima wakubwa wakatuambia basi, imetosha, sasa kila mtu auze alicho nacho. Mama akaongeza marobota ya mitumba. Jirani wa chini akafungua baa sebuleni kwake, watoto wake wakawa wanafanyia kazi za shule kwenye kreti za bia. Bwana Itifaki, mtumishi wa serikali asiyekuwa na cha kuuza, yeye akaletewa amani.

Nchi jirani ilikuwa inapigana yenyewe kwa yenyewe. Serikali yao na wapiganaji wa msituni walikubali kuja kuzungumza hapa kwetu, na pamoja nao wakaja wasuluhishi, waangalizi, wasaidizi wa waangalizi, na waandishi wa habari waliokuwa wakiuliza nyama choma nzuri iko wapi. Ndege zilitua Kisongo, madereva wa teksi wakajifunza kusalimia bonjua kwa Kifaransa, nyumba za wageni zikapakwa rangi kwa mara ya kwanza tangu zijengwe. Kila vita ikirefuka huko, mji wetu ulinenepa kidogo hapa. Wanawake wa usharika waliombea amani kila Jumatano. Mama naye aliomba, maana alikuwa mcha Mungu, lakini alikuwa amejenga vyumba viwili vya kupangisha uani, na nilimsikia kwa masikio yangu akiomba amani ije, Bwana, ila isije kwa pupa.

Wiki moja mazungumzo yalisimama siku tatu kwa sababu ya kiti. Kiongozi wa upande mmoja aligundua kwamba akikaa, kichwa chake kinakuwa chini ya kichwa cha mwenzake. Wasuluhishi wakakutana. Ikapendekezwa awekewe mto, upande wa pili ukasema mto ni upendeleo. Ikapendekezwa wote wasimame, ikaonekana yule mwenzake ni mrefu hata akisimama. Huko kwao watu walikuwa wanakufa, redio ilisema hivyo kila jioni, na hapa Bwana Itifaki alikuwa anazunguka Engutoto akitafuta seremala wa kukata miguu ya kiti cha pili bila kuharibu vanishi. Alimpata. Siku ile alirudi nyumbani anatembea katikati ya barabara.

"Nimeokoa mchakato," alitutangazia kutoka ng'ambo ya masale.

"Umekata kiti," Mama alimjibu, akaendelea kuanika nguo.

Chumba kimoja cha uani kilipangwa na Konsolata. Alikuwa mpigachapa wa ujumbe mmojawapo, msichana wa rika langu, mpole, mwenye Kiswahili alichojifunza kwa wafanyabiashara wa mpakani. Kwao alikuwa amewaacha mama yake na mdogo wake wa kiume. Jioni alikaa nasi barazani akimenya ndizi za mtori, na alimenya haraka kuliko mimi, jambo ambalo Mama alilitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Yeye ndiye aliyepiga chapa sehemu kubwa ya ule mkataba. Alitusimulia kwamba vifungu vya nani atapata wizara gani alivirudia mara kumi na nne, mpaka akaviota. Kifungu cha nani atawalinda watu wakati wakubwa wanagawana wizara alikipiga mara moja tu. Hakikurudishwa na kosa hata moja, alisema, kwa sababu hakuna aliyekisoma.

Siku ya kutia saini, Bwana Itifaki aliharibu jambo ambalo ni mtu wa kwetu tu angeweza kuliharibu. Maua yaliyoagizwa kutoka mashamba ya maua hayakufika. Alfajiri akachukua kisu, akaja kwenye mpaka wetu, akakata masale kikapu kizima, akayapanga katika vyombo vya udongo mbele ya kila kiongozi. Yalipendeza, hilo sikatai. Picha ilitoka gazetini: mabwana wanashikana mikono, na mbele yao masale yetu yamesimama wima.

Mama aliiona ile picha sokoni, akafunga biashara, akarudi nyumbani kwa miguu.

"Wewe ni mtoto wa kwetu kweli?" alimuuliza. "Isale halikatwi kama majani ya ng'ombe! Isale ni la mtu aliyekosa. Unalifunga fundo, unalibeba mwenyewe, unakwenda kwa uliyemkosea, unalitoa kwa mikono miwili. Akiliona, hana ruhusa ya kukufukuza. Sasa wewe umewawekea watu ambao hakuna aliyeomba radhi, hakuna aliyekubali kosa, wanachekea kamera! Umelifanya nini jani la watu?"

"Mama, ni pambo tu."

"Na huo mkataba wao je?"

Bwana Itifaki alisema mkataba ni suala jingine, una kikosi cha kimataifa. Mama akamwambia kwamba jani analolijua kila mtu mlimani linashinda askari asiyejulikana ametumwa na nani. Walinuniana kwa siku mbili.

Siku ya tatu ndiyo ile ambayo nimeikumbuka mara nyingi kuliko siku zote za maisha yangu. Ujumbe wa Konsolata ulikuwa unafunga mizigo. Mama alikuwa ameshamtafutia kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja mjini, na alimwambia chumba kipo, awaite mama yake na mdogo wake, hapa watu wanapangana mpaka wanatosha. Konsolata hakuweza kuamua. Bwana Itifaki alipopita kutoka kazini, akamwita barazani.

"Baba, nikuulize. Wewe unakaa na wakubwa. Nirudi kwetu, ama nibaki, niwalete hapa?"

"Rudi, binti. Nchi yako inakuhitaji. Mkataba una askari wa kofia za buluu, tayari wametengwa. Mimi nimeiona karatasi kwa macho yangu. Idadi yao iko, magari yao yako, hata vikombe vyao vya chai vimeandikwa."

"Wana bunduki?"

"Wanazo."

"Watu wakija kutuua, hao askari watapiga?"

Nilikuwa nimeshika kisu na ndizi nusu. Palikuwa pamebaki neno moja dogo la kusema, na angelisema, sisi tungemwelewa. Bwana Itifaki alirekebisha tai.

"Hakutakuwa na haja ya kupiga. Dunia nzima itakuwa inaangalia."

"Aisee, si umjibu alichokuuliza!" Mama alisema.

"Nimemjibu, mama. Rudi, binti. Mimi nakuhakikishia."

Konsolata alirudi. Mama alimfungia kitenge kipya na ndizi za kuiva, tukamsindikiza mpaka stendi, na huko nyuma Bwana Itifaki akatupungia mkono kutoka getini kwake, ameridhika.

Baada ya mkataba ule alikuwa mtu mkubwa Kimandolu. Picha ya gazeti, ambayo ndani yake kiwiko chake kilionekana kidogo upande wa kushoto, aliitia fremu. Wakati huo wezi wa mifugo walikuwa wametuzidi, hasa Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani, na mtaa ukaunda sungusungu. Ilionekana ni ufedhuli kuwa na bingwa wa usalama wa kimataifa jirani halafu ulinzi apewe mtu mwingine. Tukampa yeye.

Alikataa neno sungusungu. Aliwaita Waangalizi. Kwa Mama alinunua kofia za buluu tatu, za mitumba, mojawapo imeandikwa jina la kiwanda cha matrekta. Akawapa vijana watatu kofia, daftari na fimbo, akawasomea hadidu za rejea: kuwepo, kuonekana, kuandika. Kushika mwizi haikuwamo, kwa sababu kumshika kungewafanya waonekane wana upande.

Jumapili ya tatu wezi walikuja kwa Baba Nema, mzee wa Kimeru aliyekaa juu kidogo ya kanisa, aliyekuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyesomesha watoto wanne. Waangalizi walikuwepo. Walionekana. Na waliandika, nami niliisoma ile taarifa: saa nne na dakika kumi watu wanne walifungua zizi, saa nne na robo ng'ombe alitoka, akionyesha kutoridhika, Waangalizi walilaani kitendo hicho kwa sauti, wahusika walielekea upande wa mtoni bila kujali laana.

Baba Nema alikuja kwa Bwana Itifaki akiwa bado na kitabu cha nyimbo mkononi.

"Vijana wako walikuwa watatu," alisema, "na fimbo."

"Fimbo zile, mzee wangu, ni za kujilinda wao."

"Na ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe alikuwa chini ya uangalizi muda wote." Kisha akaongeza, kwa unyoofu kabisa, kwamba kwa ujumla zoezi lilifanikiwa, maana hakuna mwangalizi aliyejeruhiwa.

Jamani, tulicheka. Baba Nema mwenyewe, baada ya wiki na baada ya usharika kumchangia mtamba, alicheka. Watoto wakimkuta mwenzao anaiba embe walisimama kando na kuimba, "Tunalaani! Tunalaani!" Bwana Itifaki alipita katikati yao na tai yake bila kuona kichekesho kiko wapi. Tulicheka hivyo mpaka masika.

Masika ndipo redio ilipoanza kutaja mauaji. Sitaandika yaliyotokea nchi ile. Walioyaona wapo, na mimi nilikuwa Kimandolu nikisahihisha madaftari ya darasa la tatu. Nitasema tu tulichosikia: kwamba askari wa kofia za buluu walikuwepo, kwamba waliuliza makao makuu wafanye nini, kwamba makao makuu yalitazama hadidu za rejea, na kwamba wengi wao wakapanda ndege wakaondoka, na watu waliokuwa wamekimbilia kwao wakabaki langoni. Mama alizima redio, akaketi juu ya robota. Hakuna aliyetaja tena ng'ombe wa Baba Nema, wala watoto hawakuimba.

Bwana Itifaki aliandika barua. Aliipeleka makao makuu yenyewe, ng'ambo ya bahari, na aliniletea kwanza nimwangalizie, nikiwa mwalimu. Barua ilikuwa na kurasa sita na ilikuwa na adabu zote. Mwishoni iliomba kuelezwa, kwa heshima, ni kwa idhini ya nani watu walioahidiwa ulinzi waliachwa, na kama ahadi ile ilikuwa yao kuivunja. Majibu yalikuja baada ya miezi, karatasi nzuri nzito, mistari miwili. Barua yako imepokelewa. Tunakushukuru kwa kuvutiwa na shughuli zetu. Aliikunja, akaikunjua, akaniambia niisome tena, labda amekosea Kiingereza. Hakuwa amekosea.

Habari za Konsolata hatukuzipata.

Halafu, kama vile mji wetu haujala vya kutosha, ikaletwa mahakama. Wale wale wa kimataifa, walioshindwa kuzuia, sasa wakaja kuhukumu, na ukumbi ule ule ukapakwa rangi. Majaji walitua, mawakili wakatua, wakalimani wakatua, kodi za nyumba zikapanda hadi walimu tukahamia pembeni. Sisemi mahakama haikufaa, waliofungwa walistahili. Ninasema tu kwamba niliona magari meupe mapya yakipishana mjini, mengi mno, na kila mara nikajiuliza yalikuwa wapi.

Na nani aliitwa kupanga viti? Nilipokwenda kwa Mama nikausikia ule mlio wa tepu ng'ambo ya masale, nilimchukia. Naandika wazi. Nilikwenda mpakani nikamwambia, "Shikamoo. Bado unapima tu?"

"Marahaba, mwalimu," alisema. Alikuwa amepima umbali kwenye nyasi na kuweka kigoda kila mwisho. "Nataka shahidi akikaa, asilazimike kumtazama usoni mtu aliyewaua watu wake. Nimewaambia wageuze kiti. Wanasema mchoro umeshapitishwa." Akaikunja tepu polepole. "Nitawaambia tena kesho."

Huyo ndiye mtu yule yule wa kiwiko gazetini, na mpaka leo siwezi kuwatenganisha. Nilikuja kusikia kwamba kiti kiligeuzwa, baada ya barua nne. Alipostaafu hawakumfanyia sherehe, na kwenye harusi zetu alianza kukaa viti vya nyuma, popote palipobaki.

Konsolata alikuja Jumamosi moja mchana, miaka hiyo imeshapita. Alikuwa na shughuli katika mahakama ile. Hakutuambia ni ipi, nasi hatukuuliza. Nilikuwa nimemtembelea Mama, tunamenya ndizi barazani. Mwanamke mwembamba mwenye kilemba alifungua geti, akasema, "Mama, chumba bado kipo?" Mama alisimama, ndizi zikamwagika. Alimshika mashavu, akamwita Mungu kwa Kichaga, Ruwa wangu, Ruwa wangu.

Alitusimulia mara moja, huku anamenya, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Walikimbilia kwenye kambi ya kofia za buluu, yeye, mama yake na mdogo wake. Walilala uwanjani siku nne. Askari mmoja alikuwa anampa mdogo wake biskuti na kumfundisha kuhesabu kwa lugha yake. Siku ya tano magari yakawashwa. Mama yake alishika mlango wa gari la mwisho. Yule askari wa biskuti ndiye aliyembandua vidole mlangoni, kimoja kimoja, taratibu, naye akilia. Magari yalipopita lango, waliokuwa wanasubiri nje wakaingia. Konsolata alipona kwa kujificha kwenye matete. Wale wawili hawakupona.

Ndipo nilipomwona Bwana Itifaki. Alikuwa amesimama ng'ambo ya masale, sijui tangu saa ngapi. Aliinama, akakata jani moja, akalifunga fundo, likamponyoka mara mbili, akalifunga tena. Akazunguka akaja getini kwetu, akasimama pale pale bila kuingia. Hakuwa na koti. Hakuwa na tai.

"Karibu," Mama alisema mwishowe.

Alikuja mpaka mbele ya Konsolata, akanyoosha isale kwa mikono miwili. Konsolata alilitazama.

"Hili jani nalijua," alisema. "Lilikuwa mezani siku ya saini. Nilifikiri ni pambo."

Mama akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa upole, fundo maana yake nini, mikono miwili maana yake nini, na kwamba mlimani kwetu hata aliyeuliwa ndugu akiletewa isale hufungua mlango. "Mtu akikuletea, mwanangu, huruhusiwi kukataa."

"Nani aliniuliza mimi?" Konsolata alisema.

Mama alikuwa ametetea jani lile maisha yake yote, dhidi ya mikataba na dhidi ya makao makuu.

"Hakuna," alisema. "Hakuna aliyekuuliza."

Bwana Itifaki alikuwa bado amenyoosha mikono. Konsolata aliweka kisu chini.

"Baba, nikuulize tena. Bunduki walikuwa nazo. Magari walikuwa nayo. Majina yetu walikuwa wanayajua. Kwa nini waliondoka?"

Nilisubiri hadidu za rejea. Nilisubiri mchakato na mashauriano na dunia nzima. Mkono wake mmoja ulipanda kifuani pale tai ilipokuwa inakaa siku zote, haukukuta kitu, ukashuka.

"Sijui," alisema. "Hata siku ile, binti, nilikuwa sijui."

Konsolata hakulipokea jani. Alinyoosha mguu, akakisukuma kigoda kilichokuwa kando ya beseni la ndizi.

"Kaa," alisema.

Kilikuwa kifupi kuliko viti vyetu vyote na kilikuwa kimeegemea upande. Bwana Itifaki alikaa jinsi kilivyo, isale likiwa magotini, na Konsolata akachukua ndizi nyingine.